Vidole Vilivyosikia Moyo

Simulizi ya maisha ya Dk. Helen Taussig: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Chuo cha tiba cha Harvard kiligoma kumpa shahada kwa sababu ni mwanamke. Helen akaenda Chuo Kikuu cha Boston, ambako Profesa Alexander Begg alimkabidhi moyo wa ng'ombe ili auchunguze. Mwaka 1927 alihitimu udaktari Johns Hopkins, mjini Baltimore. Mwaka 1930 Dk. Edwards Park akamkabidhi kliniki ya moyo ya watoto katika Harriet Lane Home. Lakini masikio yake yalikuwa yameanza kumtupa mkono.

SASA ENDELEA...

Daktari wa moyo asiyesikia! Miaka hiyo hakukuwa na ultrasaundi. Daktari aliweka stetoskopu kifuani, akasikiliza, akaamua. Aliyepoteza masikio alikuwa amepoteza kazi.

Helen hakuondoka. Alijifunza kusoma midomo ya watu wanapozungumza. Alitumia stetoskopu yenye kipaza sauti, lakini tegemeo lake kubwa likawa vidole. Alikiweka kiganja taratibu juu ya kifua cha mtoto, akatulia, akafuatilia mtetemo wa damu inapopita mahali pembamba kuliko inavyotakiwa. Kisha alimwingiza mtoto kwenye chumba chenye giza, akamsimamisha mbele ya mashine ya fluoroskopu, akamgeuza uso, ubavu na mgongo, huku akikitazama kivuli cha moyo kikipiga. Wengine walikiona kivuli tu. Yeye alisoma humo chumba kipi cha moyo kimetanuka na mshipa upi ni mwembamba.

Hapo ndipo alipokutana na watoto wa bluu.

Midomo yao ilikuwa ya bluu, kucha za bluu, ncha za vidole zimevimba. Mtoto angetembea hatua chache kisha achuchumae, magoti yakigusa kifua, mpaka pumzi irudi. Hakuna aliyemfundisha, mwili wake wenyewe ulikuwa umegundua kwamba akikaa hivyo anapata nafuu. Wengi wao walikuwa na ugonjwa uitwao tetralojia ya Fallot. Ndani yake mna lile ambalo akina mama wengi hulijua kama tundu kwenye moyo, lakini si hilo peke yake: njia ya kupeleka damu kwenye mapafu nayo huwa imebanwa. Damu isiyo na oksijeni hupenya tunduni na kurudi mwilini ikiwa chafu vilevile.

Madaktari waliwaangalia wakifa. Hata vitabu havikuwa na tiba. Naona uchungu nikifikiria wazazi waliopanda ngazi za kliniki ile kwa miaka yote hiyo na kushuka bila dawa.

Ila Helen aliona jambo lililowapita wengine. Baadhi ya watoto walizaliwa na kasoro hiyohiyo, lakini wiki za mwanzo hawakuwa bluu sana. Kisha ghafla hali ilibadilika, wakawa bluu, wakafa. Kwa nini? Kila mtoto akiwa tumboni huwa na mshipa mdogo unaounganisha ateri kuu ya mwili na ateri ya mapafu. Baada ya kuzaliwa, mshipa huo hujifunga. Kwa mtoto mzima ni heri. Kwa hawa ulikuwa uhai wao, maana kupitia humo damu ilikuwa ikipata njia ya pembeni ya kufika kwenye mapafu. Ulipojifunga, nao wakazimika.

Basi, akajiuliza, kama mshipa ule unaokoa maisha, si mtu anaweza kuutengeneza?

Huko Boston alikuwako Dk. Robert Gross, aliyekuwa ameshangaza dunia mwaka 1938 kwa kufanikiwa kuufunga mshipa huohuo kwa mtoto ambaye haukuwa umejifunga wenyewe. Helen alifunga safari kumwona. Kama unajua kuufunga, je, huwezi kuujenga? Gross hakuvutiwa. Kazi yake ilikuwa kuziba mishipa hiyo, si kuiongeza.

Helen akarudi Baltimore mikono mitupu, na watoto wakaendelea kufa.

Mwaka 1941 Hopkins ilipata mkuu mpya wa upasuaji, Dk. Alfred Blalock, kutoka Vanderbilt, Nashville. Alikuja na msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas, Mmarekani mweusi, mtoto wa seremala. Vivien alitamani kuwa daktari, lakini akiba yake ya masomo iliteketea benki zilipoanguka. Huko Vanderbilt alilipwa kwa daraja la mfagizi, ilhali alikuwa akifanya upasuaji wa majaribio ambao madaktari wengi wasingethubutu kuugusa. Hilo halisameheki kirahisi.

Helen alimkabili Blalock mbele ya Dk. Park. Alimwambia kwamba lazima iwepo namna ya kuigeuza mishipa hii ipeleke damu nyingi zaidi kwenye mapafu, kama fundi bomba anavyobadilisha njia ya maji. Blalock na Vivien wakatazamana. Huko Nashville walikuwa wamewahi kuunganisha ateri ya mkono na ateri ya mapafu kwa mbwa, wakitafuta jambo jingine kabisa, na jaribio lile lilikuwa limeshindwa.

Kazi ikamwangukia Vivien. Kwanza ilimbidi amfanye mbwa mzima awe bluu, kisha amponye kwa muunganisho uleule wa ateri. Alitumia mbwa karibu 200. Sindano za kushonea mishipa midogo kiasi kile hazikuwepo, akazikata na kuzinoa mwenyewe. Mbwa mmoja, Anna, akaishi.

Mbwa sawa. Mtoto je?

Novemba 1944, Eileen Saxon alikuwa na miezi 15 na uzito wa takribani kilo 4, uzito wa kichanga wa wiki chache. Alilala ndani ya hema la oksijeni, midomo bluu. Mkuu wa dawa za usingizi alimwona dhaifu mno, akakataa kumlaza. Daktari kijana, Merel Harmel, akakubali.

Asubuhi ya Novemba 29, Blalock aliagiza Vivien aitwe kutoka maabara. Profesa huyo alikuwa ameifanya operesheni hii mara moja tu, tena akiwa msaidizi wa Vivien, mezani kwa mbwa. Vivien akapanda juu ya kigoda, nyuma ya bega la kulia la Blalock. Helen alisimama upande wa kichwa cha mtoto.

Kifua kikafunguliwa upande wa kushoto. Mishipa ilikuwa midogo kuliko ile ya mbwa yeyote. Blalock aliingiza sindano, akauliza kama mshono uko sawa. Vivien akamjibu kwa sauti ya chini kila alipokosea upande. Mshono baada ya mshono, hariri nyembamba ikashika.

Kilichobaki kilikuwa kuviondoa vibanio vilivyoizuia damu. Mshono ukivuja, Eileen angefia mezani. Ukiziba, asingefika mbali. Helen, ambaye masikio yake hayakumsaidia, aliuinamia uso wa mtoto na kuikazia macho midomo yake.

Blalock akalegeza kibanio cha kwanza.

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO