RuneScape 2007: Mchezo ulipokataza zawadi

Leo tunaweka kando hifadhidata na mambo ya kazini, tuzungumze juu ya mchezo. Msicheke. RuneScape ilinifunza mengi kuhusu kubuni mifumo, na somo kubwa lilitokana na mabadiliko mawili yaliyofuatana kwa siku 23 tu: ya tarehe 10 Desemba 2007 na ya tarehe 2 Januari 2008. Waliokuwepo wanayakumbuka. Wasiokuwepo, ketini niwasimulie.

Kwanza historia kidogo. RuneScape ilifunguliwa tarehe 4 Januari 2001, kazi ya kijana wa Uingereza aitwaye Andrew Gower akisaidiwa na ndugu yake Paul. Kampuni yao, Jagex, ilikaa Cambridge. Mwezi Machi 2004 likaja toleo la pili, na hilo ndilo wengi wetu tulilolikuta. Liliandikwa kwa Java na kuchezwa ndani ya kivinjari: huna haja ya CD wala ya kusakinisha chochote. Kwa vijana wa Bahati hilo lilikuwa jambo kubwa. Kompyuta nyumbani hatukuwa nayo. Tulipanda matatu hadi Nakuru mjini, tukaingia saiba, tukalipa shilingi moja kwa dakika. Mwenye saiba hakukubali mtu asakinishe kitu kwenye mashine zake, lakini ukurasa wa mtandao ungeufungua bila kumuuliza mtu.

Halafu kuna siri ya kiufundi ambayo niliielewa miaka mingi baadaye. Hadi mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti. Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua karibu nusu sekunde au zaidi hata mitambo ikiwa mizuri namna gani. Michezo ya kufyatuliana risasi haikuchezeka. Seva ya RuneScape, kwa upande wake, huhesabu mambo kwa mapigo ya sekunde 0.6. Mchezaji wa London naye alisubiri mpigo. Sisi tulichelewa mpigo mmoja au miwili hivi, basi. Ndiyo maana mchezo huu ulitufaa.

Sasa tuje kwenye uchumi wake. Vitu karibu vyote vilipatikana kwa jasho: kukata miti, kuvua samaki, kuchimba madini, kufua vyuma. Biashara ilikuwa ya ana kwa ana. Ukitaka soko unakwenda Dunia ya 1, mbele ya benki ya magharibi ya mji wa Varrock, unapaza sauti kwa maandishi kama makanga wa stendi. Pamoja na biashara kulikuwa na kupeana. Mgeni asiye na kitu alikutana na mkongwe, mkongwe akamvisha deraya, akampa upanga na chakula. Wachezaji wengi walianza hivyo, kwa mkono wa mtu wasiyemjua.

Mlango huo huo uliotumiwa na wakarimu ulitumiwa pia na wafanyabiashara wa dhahabu. Kulikuwa na watu walioendesha akaunti nyingi kwa programu za roboti, wakakusanya sarafu za mchezo usiku na mchana, kisha wakaziuza kwa dola halisi. Mnunuzi analipa nje ya mchezo, kisha anakutana na muuzaji ndani na kupewa sarafu "bure". Jagex walieleza kuwa ubaya haukuishia hapo: akaunti za kulipia za roboti hizo zilinunuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa. Mwenye kadi akilalamika, benki inarudisha fedha zake, na kampuni inapata hasara. Kampuni yenye malalamiko mengi ya aina hiyo inaweza kukataliwa kabisa na mashirika ya kadi.

Wakachukua hatua. Mwishoni mwa Novemba 2007 walifungua soko kuu la Grand Exchange, ambako unaweka oda na mfumo unakutafutia mwenzako, bei zikiwa ndani ya mipaka. Tarehe 10 Desemba waliondoa mapigano huru katika Wilderness, ile nyika ambayo ukiuawa, muuaji anabeba mali yako. Kwa nini? Kwa sababu kujiachilia uuawe ilikuwa njia nyingine ya kupitisha mali. Tarehe 2 Januari wakafunga mlango wa mwisho: biashara kati ya watu wawili ilipaswa kulingana thamani, na tofauti ikawekewa kikomo. Kwa mchezaji mchanga kikomo kilikuwa sarafu 3,000, wakati deraya zuri la chuma cha rune lilikuwa la makumi ya maelfu. Hata ukiangusha kitu chini ili rafiki akiokote, rafiki hakukiona. Kwa ufupi, zawadi ilipigwa marufuku.

Wachezaji waliandamana ndani ya mchezo, wengine wakahama. Sisi wa Nakuru hatukuandamana. Tarehe 2 Januari 2008 hatukuwa saiba. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba, nchi ilikuwa inawaka, na kabla mwezi haujaisha moto ulifika Nakuru na Naivasha. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa waliofukuzwa makwao. Maduka yalifungwa, kadi za simu zikaadimika. Kilichowasaidia wengi siku zile ni kupeana. Mtu wa Nairobi alimrushia jamaa yake salio kwa Sambaza. Mwingine alituma pesa kwa M-Pesa, huduma ambayo haikuwa hata imetimiza mwaka, maana Safaricom waliizindua tarehe 6 Machi 2007.

Tazameni basi: kabla mwaka haujaisha tangu nchi yetu ilipofungua njia ya mtu yeyote kumtumia mwenziwe fedha, mchezo wetu uliifunga. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi kama mtengenezaji wa programu. M-Pesa nayo ilikuwa na kikomo, shilingi 35,000 kwa mara moja, na wezi hawakukosekana. Tofauti ni kwamba M-Pesa ilianza kwa kukuuliza kitambulisho. RuneScape haikumjua mtu. Yeyote aliweza kufungua akaunti mia kwa siku. Mfumo usioweza kutambua watu hauwezi kutofautisha zawadi na magendo, kwa hiyo unambana kila mtu. Kisha zinaanza subira na viraka: mwaka 2008 wakaongeza njia ya kuazimana vitu, ili urafiki urudi kupitia dirishani.

Mwishowe waliwauliza wachezaji wenyewe. Kura hiyo ilipata kura milioni 1.2, na asilimia 91 walitaka biashara huru na Wilderness virudishwe. Vikarudi tarehe 1 Februari 2011. Roboti nazo zikarudi, na Oktoba mwaka ule Jagex ilibidi wafanye msako mkubwa wa kuzifungia. Novemba 2012 walibadilisha mfumo mzima wa mapigano, wachezaji wakakasirika upya. Safari hii dawa ilitoka kwenye nakala ya akiba: mtu alikuwa amehifadhi mchezo kama ulivyokuwa Agosti 2007, kabla ya mambo yote haya. Baada ya kura zaidi ya 449,000, Old School RuneScape ilifunguliwa tarehe 22 Februari 2013. Huko jambo jipya huingia likiungwa mkono na asilimia kubwa ya wapiga kura, kwanza 75, baadaye 70. Tangu Oktoba 2018 unachezeka kwenye simu, saiba haihitajiki tena.

Siwalaumu Jagex kwa kuogopa kufilisika kwa kadi za wizi. Ninachowaambia vijana wanaoandika programu za malipo, za chama au za duka ni hiki: kabla ya kuweka kizuizi, hesabu pia watu wema wanaopita mlango huo. Mwizi atatafuta mlango mwingine. Mkongwe aliyekuwa akimvisha mgeni deraya hatatafuta. Atakaa kimya, na wewe hutaona chochote kwenye takwimu zako. Na jamani, wekeni nakala za akiba.