Meseji za Mama, Desemba 2007

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea juu ya simu na siasa, muda ukatuishia. Basi nimalizie hapa.

Desemba 2007 nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Scarborough. Mama alikuwa na kasimu kadogo ka vibonye, analala nako chini ya mto. Nairobi iko mbele ya Toronto kwa masaa manane wakati wa baridi, kwa hiyo sisi tukilala, kule kumekucha. Usiku mzima kanalia tu.

Kenya ilipiga kura tarehe 27. Mwai Kibaki anatetea kiti, Raila Odinga anakitaka. WhatsApp ilikuwa haijazaliwa. SMS ndiyo ilikuwa kila kitu. Vyama vilituma meseji za kampeni kwa wingi, na wafuasi wakaongeza zao. Laini zilikuwa bado hazisajiliwi kwa jina. Mtu ananunua laini, anatuma sumu, anaitupa.

Tarehe 30 Kibaki akatangazwa mshindi na kuapishwa jioni hiyohiyo. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio na TV zikibanwa, watu watapata wapi habari? Kwenye simu. Humo zilikuwemo habari za kweli, uvumi, na meseji za kuchochea kabila hili lifukuze lile. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zile.

Serikali ilifikiria kuzima SMS kabisa. Michael Joseph, mkuu wa Safaricom wakati huo, akaishawishi isifanye hivyo, na kampuni ikatuma meseji za amani kwa wateja wake wapatao milioni tisa. Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake, wengine wakiwa Marekani, wakaunda Ushahidi: unaandika ulichokiona, kinawekwa kwenye ramani. Kumbe simu ileile ya kuchochea iliweza pia kutoa ushahidi.

Sheria zikafuata. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya utangamano wa kitaifa, na matamshi ya chuki yakawa kosa. Baadaye laini zikasajiliwa. Kabla ya uchaguzi wa 2013, ikaamriwa kwamba meseji za siasa za kutumwa kwa wingi zikaguliwe kwanza na kampuni ya simu.

Lakini sisi huwa tunamtafuta mtu aliyeanzisha. Hawa wa katikati je?

Juzi nilimuuliza Mama kama zile mbaya zilimfikia. Akanyamaza kwanza.

"Zilinifikia. Na moja niliituma mbele."

"Kwa nini, Mama?"

"Ilitoka kwa shangazi yako. Shangazi yako angenidanganya?"

Nilibaki nimeduwaa. Mama yangu huyu, ambaye hata nzi anamfungulia dirisha atoke! Hakuitwa na chama wala hakulipwa. Aliogopa, akawaonya ndugu zake, na hofu yake ikaenda nayo mpaka simu nyingine.

Mwaka 2022 Wakenya walioko Kanada walipiga kura ya urais kwa mara ya kwanza. Uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027, na grupu la familia yetu limeshaanza kuchemka. Safari hii simu iko mkononi mwangu, na shangazi ni yuleyule.

Na nyinyi, waulizeni wazazi wenu: mlipokea nini wakati ule, na mkamtumia nani? Wakikubali, warekodini, mtutumie. Tutazisikiliza pamoja.