Kiti mwendo na milima ya Uluguru

Barabara ya Mgeta inapanda, inakata kona; nyumba nyingi ziko juu au chini yake, na zinafikiwa kwa vijia vya udongo ambavyo huteleza wakati wa masika. Mtu aliyeumia uti wa mgongo akiruhusiwa hospitali, hapo ndipo anaporudishwa.

Kiti tunachokiona sana wodini kina asili ya mbali. Herbert Everest, Mmarekani aliyevunjika mgongo mgodini mwaka 1918, alishirikiana na mhandisi Harry Jennings, na mwaka 1933 wakatoa kiti cha mabomba ya chuma kinachokunjika na kuingia kwenye gari. Kilikuwa ukombozi mkubwa. Lakini magurudumu yake madogo ya mbele yalihitaji sakafu au lami. Kwenye tope yanazama, na aliyekikalia anaweza kurushwa mbele.

Ralf Hotchkiss, aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alikwenda Nicaragua mwaka 1980 na kuunda viti pamoja na watumiaji wenyewe. Katika mtandao wa mafundi uliotokana na kazi hiyo, mchango wa Afrika ukawa gurudumu pana la mpira kwa mbele, linalojulikana kwa jina la Zimbabwe. Kwetu Tanzania, chuo cha TATCOT kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981 baadaye kilifundisha mafundi wa viti mwendo kwa kushirikiana na shirika la Motivation la Uingereza, lililobuni kiti cha magurudumu matatu: la mbele limesogezwa mbali, hivyo hakipinduki kirahisi njia ikiwa mbovu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosisitiza tathmini kabla ya kumpa mtu kiti, na ufuatiliaji baadaye. Naona hili ndilo badiliko kubwa kuliko chuma chochote. Asiyehisi makalio yake hajui kwamba kidonda kimeanza, na kidonda hicho huweza kuua. Basi apimwe nyonga, apewe mto unaofaa, afundishwe kujiinua mara kwa mara. Aulizwe pia: mlango una upana gani, choo kiko wapi, nani anasukuma mlimani, mabega yanauma jioni?

Na matairi yakichakaa? Mjini Morogoro mafundi baiskeli wapo. Kiti chenye tairi, tyubu na beringi za baiskeli watakitengeneza. Kinachosubiri vipuri kutoka ng'ambo kitamwacha mwenyewe ndani ya nyumba.