Waya wa platinamu uliosingiziwa ukigeugeu

Mwishoni mwa 1860, ngama ya meli moja huko Uingereza ilijaa kebo ya telegrafu iliyokusudiwa kulazwa baharini kati ya Rangoon na Singapore. Kebo ilikuwa mbichi kwa maji, imezungushiwa nyaya za chuma, na chuma kikishika kutu hutoa joto. Ndani yake shaba ilivikwa gutapecha, utomvu wa mti unaolainika upesi ukipashwa moto. Ukilainika, shaba huhama mahali pake, na kebo nzima huharibika hata kabla haijaona bahari. Kipimajoto cha zebaki kingefikaje katikati ya lundo lile, na nani angeingia kukisoma?

William Siemens, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa na jibu. Tangu 1821 Humphry Davy alikwisha kuonyesha kwamba metali ikipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Siemens akapenyeza koili za waya kati ya matabaka ya kebo, akatoa ncha zake nje, akapima ukinzani wake. Juu kebo ilikuwa baridi. Koili zikasema ndani kunapamba moto. Ikabidi kebo imwagiwe maji.

Mwaka 1871 alisimama mbele ya Royal Society ya London akapendekeza waya wa koili hizo uwe wa platinamu, metali isiyoshika kutu na inayostahimili tanuri. Lakini wanasayansi waliopewa kazi ya kuvijaribu vipimajoto vyake walitoa taarifa chungu mwaka 1874: vikitoka motoni na kupoa, ukinzani haurudi ulikokuwa. Chombo kisichorudi kwenye sifuri yake hakiaminiki, na wengi wakakiacha.

Aliyekifufua ni Hugh Callendar, kijana wa Cambridge aliyefuzu Kigiriki, Kilatini na hisabati kabla ya kugusa fizikia. Mimi humhesabu yeye kuwa mwenye chombo hiki kuliko Siemens, kwa kuwa wazo peke yake lilikwisha kushindwa. Mwaka 1886 alianza kuuchunguza waya wenyewe, akagundua kwamba haukuwa na kosa. Siemens aliuzungusha juu ya udongo wa kinzamoto ndani ya bomba la chuma. Kwenye joto kali, silika ya udongo na gesi za humo ziliila platinamu. Callendar akatumia waya safi, usiobanwa wala kuvutwa, na baadaye ukazungushwa juu ya ulanga. Ili asibishiwe, aliutia ndani ya tungi la kipimajoto cha hewa, vyote viwili vipate joto moja, akalinganisha. Matokeo aliyachapisha 1887.

Kufikia 1927, waya huo ulikuwa umewekwa katika kipimo rasmi cha kimataifa cha joto, na katika kipimo cha 1990 unatawala hadi nyuzi 961.78 za Selsiasi. Viwandani hutengenezwa uwe na ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0, na kwenye nyuzi 100 husoma omu 138.5.

Nyaya za kuunganishia nazo hupata joto na kuongeza omu zake. Callendar alipitisha kando yake jozi nyingine kama hiyo, isiyofika kwenye koili, ili akate ziada ile. Fundi wa leo akifungua kihisi cha boila akakuta nyaya tatu badala ya mbili, wa tatu umewekwa kwa sababu hiyo hiyo.