Daftari la Rafu na Daftari la Safi

Aliyesoma shule ya Kenya anajua daftari la rafu. Ndilo lile linalokunjwa katikati, linalochanwa karatasi za kupitishana chini ya dawati, lenye hesabu zilizokatwakatwa na mchoro wa mwalimu wa zamu. Halafu kuna daftari la safi: tarehe kulia, kichwa cha habari, mstari wa rula. Tulidhani ni ukali tu wa walimu wetu. Kumbe huo ni mfumo wa zaidi ya miaka 500, na nadhani ndio unaoeleza kero moja ya leo ambayo wengi huiona kama uzembe wa mainjinia: una akaunti moja na kitabu kile kile, lakini kwenye kompyuta programu inakuruhusu kuandika maelezo marefu pembeni mwa ukurasa, kuyapanga na kuyatafuta. Ukishika simu, unaweza tu kupaka sentensi rangi ya manjano. Wakati mwingine maelezo uliyoandika jana kwenye laptopu huyaoni kabisa, ama unaweza kuyasoma lakini huwezi kuyagusa.

Mwaka wa 1494, huko Venice, mtawa na mwalimu wa hesabu kwa jina Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoweka hesabu zao. Hakuubuni mfumo wenyewe, aliuandika tu. Walikuwa na vitabu vitatu. Cha kwanza kilipokea kila kitu papo hapo, bila mpangilio, na mtu yeyote wa nyumba ile aliyejua kuandika angeweza kukijaza. Kutoka hapo mambo yalihamishiwa kitabu cha pili kwa utaratibu wa tarehe, kisha cha tatu, kile kikubwa, ambacho ndicho kilichohesabika. Waingereza walikuja kukiita kile cha kwanza kitabu cha taka. Rafu, yaani.

Mfumo huu haukubaki dukani. Georg Christoph Lichtenberg, mwanafizikia wa Göttingen katika karne ya 18, alijaza madaftari ya mawazo mafupi kwa miaka mingi na akayapa jina lililotokana na hicho hicho kitabu cha taka cha wafanyabiashara. Leo anasomwa zaidi kwa rafu yake kuliko kwa fizikia yake.

Ukirudi nyuma zaidi unakuta Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma katika karne ya kwanza, akiwashauri wanafunzi waandike kwenye vibao vya nta kwa sababu nta hufutika kirahisi. Ngozi aliwaachia wenye macho dhaifu, akilalamika kwamba kuchovya kalamu kwenye wino kila mara kunachelewesha mkono na kukata wazo. Tena akasema uache kurasa tupu kwa ajili ya nyongeza. Soma ushauri huo polepole: ni mtu anayelinganisha vifaa viwili na kuuliza ni kipi kinamzuia mwanafunzi kufikiri. Watengenezaji wengi wa apu hawajafika hapo.

John Locke naye alishughulikia upande mwingine, ule wa kutafuta. Mwaka wa 1686 alichapisha, kwa Kifaransa, njia yake ya kutengeneza faharasa ya daftari kwa kutumia herufi ya kwanza ya neno na irabu yake ya kwanza. Kwa maneno mengine, daftari moja, faharasa moja, hakuna kunakili mara tatu. Wazo zuri, ila lilidai mwenye daftari awe mtu wa kukaa mezani.

Sasa turuke hadi Machi 1996, maana hapo ndipo rafu ilipoingia kwenye mashine. Jeff Hawkins wa kampuni ya Palm alitembea na kipande cha mbao mfukoni mwa shati, akijifanya ni kompyuta, na kila alipohitaji kuandika jambo alikitoa na kukigusagusa na kijiti. Alitaka kujua mtu hufanya nini hasa na kifaa cha mfukoni. Jibu lake likawa kwamba hakihitaji kuwa kompyuta kamili. Apple walikuwa wamejaribu hilo tangu 1993 na Newton, ikayumba hadi ikafutwa mwaka wa 1998. Kifaa cha Palm kilikuja na kitako kilichounganishwa na kompyuta kwa waya. Ukifika ofisini unakiweka, unabonyeza kitufe kimoja, na yaliyomo pande zote mbili yanalinganishwa. Noti moja haikuruhusiwa kuzidi herufi kama 4,000 hivi. Haikuwa shida kwa mtu wa Palm, kwa sababu kazi ndefu ilikuwa inamsubiri mezani. Mfukoni ni rafu, mezani ni safi.

Uamuzi ule ulikuwa wa busara, na ndiyo maana ulidumu kuliko sababu zake. Kitako kilitoweka, waya ukatoweka, Evernote ikazinduliwa mwaka wa 2008 na ahadi ya kukumbuka kila kitu popote ulipo. Lakini nyuma ya pazia kila aina ya kifaa ilikuwa na programu yake iliyoandikwa kivyake, na kila moja ikakua na tabia zake. Kampuni ilipoamua kuziandika upya ili zifanane, na kuzitoa mwaka wa 2020, watumiaji wa zamani wa kompyuta walipiga kelele: kufanana kulikuja kwa kuondoa vitu, kama madaftari yaliyohifadhiwa kwenye mashine yako tu. Microsoft nao walitangaza mwaka wa 2018 kwamba OneNote ya zamani ya kompyuta ingepisha nyingine mpya nyepesi, wakageuza msimamo mwaka uliofuata, na hatimaye ile mpya ndiyo iliyozikwa, Oktoba 2025. Yaani ukisawazisha juu ni gharama, ukisawazisha chini ni vita.

Mimi ugomvi wangu ni na ile dhana ya meza. Nilipokuwa chuoni, kabla sijaacha, wengi tuliosoma pamoja hatukuwa na laptopu. Simu haikuwa msaidizi wa kifaa kingine kilichokuwa kinasubiri nyumbani, na nyumbani kwenyewe hakukuwa na meza. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilijengwa kwa kujua hivyo: mteja hakuambiwa amalizie muamala wake kwenye kompyuta. Programu za kusomea zinatuambia hivyo kila siku, kwa upole, kwa kitufe ambacho hakipo.

Kwa hivyo watu wanafanya nini? Wanapiga picha ya skrini. Ukurasa wa PDF, ubao wa mhadhiri, jibu la mwenzao kwenye kikundi cha WhatsApp, vyote vinaingia kwenye matunzio katikati ya picha za harusi na risiti. Wengine hujitumia ujumbe wenyewe. Usiku wa kuamkia mtihani wanapandisha kidole juu, juu, wakitafuta sentensi wanayokumbuka tu kwamba ilikuwa kabla ya picha za Krismasi.