NetBIOS

NetBIOS ni kiolesura cha programu kinachowezesha kompyuta za mtandao wa eneo dogo kutambuana kwa majina na kubadilishana data. Ilitengenezwa mwaka 1983 na kampuni ya Sytek ya Marekani kwa ajili ya IBM. Mara nyingi huitwa itifaki, lakini yenyewe haielezi jinsi data inavyosafirishwa. Kazi hiyo hufanywa na itifaki zilizo chini yake.

Huduma

NetBIOS hutoa huduma tatu:
* huduma ya majina: kila kompyuta husajili jina la baiti 16. Katika mifumo ya Microsoft, baiti 15 ni za jina lenyewe na ya mwisho huonyesha aina ya huduma;
* huduma ya vikao: kompyuta mbili hufungua mawasiliano, hupelekeana data, kisha huyafunga;
* huduma ya datagramu: ujumbe hutumwa bila kufungua kikao.

Nafasi katika modeli za matabaka

Modeli ya OSI, yenye matabaka saba, ilichapishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1984, hivyo NetBIOS haikubuniwa kuifuata. Kwa kawaida huwekwa katika tabaka la tano, yaani la kikao, ingawa huduma za majina na datagramu hazilingani vizuri na tabaka hilo.

Mwaka 1985 ilitokea NetBEUI, iliyobeba NetBIOS juu ya tabaka la kiungo cha data bila kuwa na tabaka la mtandao. Pakiti zake hazikuwa na anwani ya mtandao, kwa hiyo ruta hazikuweza kuzipeleka kwenye mtandao mwingine. Ilifaa ofisi ndogo tu.

Machi 1987 hati za RFC 1001 na RFC 1002 zilieleza namna ya kubeba NetBIOS juu ya TCP na UDP. Majina hutumia poti 137, datagramu 138 na vikao 139. Modeli ya TCP/IP haina tabaka la pekee la kikao, hivyo huduma hizo huhesabiwa katika tabaka la programu.

Hali ya sasa

Tangu Windows 2000, kompyuta zinaweza kushirikiana mafaili moja kwa moja kupitia TCP, poti 445, bila NetBIOS. Majina hutafutwa zaidi kwa DNS. Kompyuta inayouliza jina kwa kutangazia mtandao mzima haina njia ya kuhakikisha kwamba jibu ni la kweli, hivyo mdukuzi aliye ndani ya mtandao huo anaweza kujibu kwa uongo. Kwa sababu hiyo wasimamizi wengi huzima NetBIOS isipohitajika.