Kipimo cha Joto Kilichofika Mahakama ya Juu

Kiongozi wa kikundi na aandike maneno matatu ubaoni: HATAZA, RUFANI, KANUNI. Yasomeni pamoja kwa sauti, kisha tuendelee.

Hataza ni hati ambayo serikali humpa mtu aliyevumbua kitu kipya. Kwa muda wa miaka fulani mtu mwingine hawezi kukitengeneza wala kukiuza kitu hicho pasipo ruhusa ya mvumbuzi. Wengine huiita patenti. Lakini mvumbuzi naye ana deni lake: hana budi kueleza waziwazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, ili muda ule ukiisha watu wote waweze kukitumia. Rufani mnaijua, ni kwenda kwa mwamuzi wa juu zaidi pale ambapo hukuridhika na hukumu ya kwanza. Kanuni, katika somo la leo, ni jambo la maumbile lisilobadilika. Moto hupanua chuma. Hiyo ni kanuni. Haina mwenyewe. Hapana mtu awezaye kusema, "Moto kupanua chuma ni mali yangu, nilipeni kila mtumiapo."

Sasa, mtu akichukua kanuni isiyo na mwenyewe, akaiweka ndani ya kifaa cha kupimia, je, kifaa hicho chaweza kuwa chake? Swali hili liliwashughulisha majaji wa Marekani kwa miaka mingi, na lilianza na jambo ambalo fundi pancha wa mtaani kwenu analijua sana.

Mtazameni fundi huyo anapochoma kiraka. Huibana mipira miwili kwa chuma chenye moto, akangoja. Akiutoa mapema, kiraka hakishiki. Akiuchelewesha, mpira huungua ukawa mgumu na kupasuka. Mpira, kama ugali, una kuiva kwake. Charles Goodyear wa Marekani ndiye aliyepata hataza mwaka 1844 kwa kazi ya kuupika mpira pamoja na salfa, ile ambayo wazee huiita kiberiti, nao ukawa imara badala ya kuyeyuka juani. (Goodyear mwenyewe alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni mengi. Hataza si sanduku la fedha.)

Mpira unaiva kwa muda gani? Mwaka 1889 mtaalamu wa Uswidi, Svante Arrhenius, alionyesha kwa hesabu jinsi joto linavyoharakisha mabadiliko ya namna hii. Kwa hiyo katika viwanda vya mpira hesabu ilijulikana. Taabu ilikuwa kwenye joto lenyewe. Kila mara mfanyakazi alipofungua mashine ili atie mpira mbichi ndani ya kalibu, joto lilipungua, na hakujua limepungua kiasi gani. Basi walikisia. Walichagua muda ambao waliamini utatosha, na mara nyingine mpira ukatoka mbichi, mara nyingine ukatoka umeungua.

Wamarekani wawili, James Diehr na Theodore Lutton, walitengeneza njia ya kuacha kukisia. Kipimajoto kilikaa ndani ya mashine, karibu na kalibu, kikapima joto bila kupumzika. Vipimo vile vilipelekwa kwenye kompyuta. Kompyuta ikapiga hesabu ya Arrhenius upya, tena na tena, na muda wa kuiva ulipolingana na muda uliokwisha kupita, ikafungua mashine yenyewe. Tarehe 6 Agosti 1975 walipeleka ombi la hataza.

Ombi likakataliwa.

Sikilizeni vizuri sababu ya mkaguzi, maana ndiyo kiini cha somo. Aliligawa ombi vipande viwili. Kipande cha kwanza, alisema, ni hesabu inayofanywa na kompyuta, na Mahakama ya Juu mwaka 1972 ilikwisha kukataa hataza ya njia ya kugeuza tarakimu ndani ya kompyuta. Kipande cha pili ni kutia mpira ndani ya mashine na kuifunga, na hayo watu walikuwa wakiyafanya siku zote. Kwa hiyo, kwa maoni yake, hakikubaki kitu cha kupewa hataza.

Diehr na Lutton walikata rufani kwenye baraza la rufani la ofisi ileile ya hataza. Baraza likasema mkaguzi ana haki. Watu wengi hukomea hapo, kwa kuwa fedha zimekwisha au moyo umechoka. Wao walikwenda mbele, kwenye mahakama iliyokuwa ikisikiliza rufani za hataza na ushuru wa forodha.

Kabla mahakama hiyo haijatoa hukumu, lilitokea jambo la kuwatia hofu. Mtu mwingine, Dale Flook, naye alikuwa amekataliwa. Ombi lake lilihusu mitambo ya kusafishia mafuta, ambamo joto na msukumo hupimwa, na kengele ya hatari hulia kipimo kikipita mpaka fulani. Flook alikuwa na hesabu ya kuusogeza mpaka huo kadiri kazi inavyoendelea. Alishinda katika mahakama ile ya rufani, lakini tarehe 22 Juni 1978 Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo kwa majaji sita dhidi ya watatu. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba Flook hakufundisha namna mpya ya kupima wala namna mpya ya kulia kengele. Alicholeta ni tarakimu mpya tu.

Mtu angedhani Diehr na Lutton wamekwisha. Lakini mwaka 1979 mahakama ya rufani iliwapa ushindi, ikisema kazi inayostahili hataza haipotezi haki yake kwa sababu tu kompyuta imetumika. Safari hii aliyekata rufani ni mkuu wa ofisi ya hataza, Sidney Diamond. Ndiyo maana kesi hii huitwa Diamond dhidi ya Diehr. Serikali nayo hukata rufani, msidhani ni njia ya mnyonge peke yake.

Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi mwezi wa Oktoba 1980, ikatoa hukumu tarehe 3 Machi 1981. Majaji watano walikuwa upande wa wavumbuzi, wanne walipinga. Kura moja tu iliwatenganisha!

Jaji William Rehnquist aliandika kwa niaba ya wale watano. Alisema ombi lisikatwe vipande, litazamwe zima. Ukilitazama zima, unaona mpira mbichi ukiingia na mpira ulioiva ukitoka, na kazi ya kubadili kitu namna hiyo imestahili hataza tangu zamani. Wavumbuzi hawakudai hesabu ya Arrhenius iwe yao; mtu yeyote aliweza kuendelea kuitumia kwa kazi nyingine. Kama njia yao ni mpya kweli au si mpya, alisema, hilo ni swali jingine.

Jaji Stevens sasa alikuwa upande wa wachache. Kwake yeye kesi hii ilikuwa ndugu wa kesi ya Flook: ombi halikufundisha kipimajoto kipya, nao upya wake wote ulikuwa katika kupiga hesabu. Kwa maoni yangu neno lake si jepesi. Lakini fundi aliyewahi kutupa mpira ulioungua atatambua kwamba kupima joto wakati wote, na kufungua mashine kwa saa yake, ni zaidi ya hesabu ya karatasini. Mwaka 1982 hataza yao ilitolewa, namba 4,344,142.

Na kwetu je? Katika miaka ya 1950, mtu wa Dar es Salaam aliyevumbua kipimo hakuwa na ofisi hapa ya kulichunguza ombi lake. Sheria ya Tanganyika iliruhusu kusajili hapa hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza, tena ndani ya miaka mitatu tangu itolewe. Kama amekataliwa, amekataliwa London. Na chini ya sheria ya Uingereza ya 1949 rufani yake ilisikilizwa na jaji wa huko huko. Fikirini nauli ya meli, na wakili wa kumlipa kwa pauni! Uhuru wa 1961 haukuiondoa sheria hiyo mara moja. Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Hataza mwaka 1987, na leo mwombaji wa Tanzania Bara huenda kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambao watu huuita BRELA.

Sheria yetu nayo husema kwamba nadharia ya sayansi au ya hisabati peke yake si uvumbuzi. Kwa hiyo mwokaji wa Mwananyamala akitengeneza kipimo cha joto la tanuri lake la mkate, asiandike hesabu tu katika ombi lake. Aandike kipimo kinakaa wapi ndani ya tanuri, kinapima mara ngapi, kinafungua au kufunga nini, na mkate unatoka vipi tofauti na zamani.

Sasa zungumzeni darasani. Kikundi kimoja kimtetee Jaji Rehnquist, kingine Jaji Stevens. Kisha kila mtu aandike kwa mkono wake mistari mitano: ni kitu gani katika kazi yako unakikisia kila siku, nawe ungependa kukipima?